Kugeuza Stoo ya Mabati Kuwa Banda la Kuku: Kung'oa Kwanza, Kuongeza Baadaye



Karibu kila anayejenga Dar es Salaam au Kibaha huanza na stoo. Kabla msingi haujachimbwa, fundi anasimamisha nguzo, anazizungushia mabati ya geji 30 au 32, anapiga paa la mteremko mmoja na kutia kufuli. Humo hukaa saruji na koleo, na usiku hulala mlinzi. Nyumba ikiisha, mlinzi huaga na stoo hubaki kwenye kona ya kiwanja, imejaa mirunda na ndoo za rangi iliyokauka. Ndipo mwenye nyumba anapoitazama na kusema: hapa nitafuga kuku.

Wazo ni zuri, nami naliunga mkono. Ninachopinga ni utekelezaji wake. Wengi hufagia, humwaga maranda, huweka vyombo vya chakula na maji, kisha huingiza kuku. Husahau kwamba stoo ilijengwa ili isipitishe mvua, mwizi wala macho ya wapita njia, na kuku anahitaji hewa kuliko anavyohitaji ukuta. Hoja ya mada hii ni moja: kazi kubwa ya kugeuza stoo ni kung'oa mabati. Vya kuongeza ni vichache.

Joto ndilo adui wa kwanza

Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na kuku hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema. Hewa ikivuka nyuzi 30 utamwona ameachama mdomo, mabawa ameyatenga na mwili, anakunywa sana na kula kidogo. Kuhema kwingi humpotezea hewa ya kaboni mwilini, na upungufu huo huvuruga utengenezaji wa ganda la yai. Mayai hutoka na maganda membamba. Mfugaji hukimbilia duka la pembejeo kununua kalsiamu, kumbe tatizo liko juu ya vichwa vya kuku wake. Mwezi wa pili, saa nane mchana, bati lisilo na dari huwezi kuliwekea kiganja.

Kwa hiyo anzeni na paa. Lifungueni, ungeni nguzo ziwe ndefu zaidi, mlirudishe juu ili kati yake na ukuta ibaki nafasi ya sentimita 30 hadi 50, iliyozibwa kwa wavu. Hewa ya moto hupanda, na isipopata pa kutokea humrudia kuku. Upande wa nje wa bati pakeni chokaa nyeupe, nayo irudiwe kila baada ya masika kwa sababu mvua huiosha. Wengine hulaza makuti juu ya bati. Yanapoza kweli, ila panya nao huyapenda, na nyoka humfuata panya.

Baada ya paa, kuta. Kwenye pande mbili ndefu bakizeni bati la chini tu, kama sentimita 60 kutoka sakafuni, lizuie upepo usiwapige kuku waliolala. Juu yake uwe wavu hadi kwenye paa. Ikiwezekana stoo ihamishwe, na nyingi huwezekana kwa kuwa ni nguzo na misumari tu, urefu wake ulale mashariki na magharibi. Hapo jua la asubuhi na la jioni litagonga pande fupi zenye bati zima, na pande za wazi zitatazama kaskazini na kusini, ambako kaskazi na kusi hupita kwa zamu zake pwani yetu.

Mabati yaliyong'olewa yasiuzwe kwa wa vyuma chakavu. Yapigwe upenu wa kama mita moja kila upande wa wazi, kwa kuwa mvua ya masika hupigwa na upepo na kuingia ubavuni. Pazia la turubai au magunia lifungwe chini na lifunguliwe kuanzia juu, si kinyume chake, ili hewa iingie bila ubaridi kumshukia kifaranga moja kwa moja. Kwa wenzetu wa Njombe na Lushoto pazia hilo ni la lazima. Wasije wakalifunga gubigubi, maana pumzi za kuku hugeuka matone chini ya bati lililopoa, yakadondoka alfajiri na kulowesha maranda.

Maranda yaliyolowa ndiyo nyumba ya kuhara damu. Chukueni konzi moja na kuifinya: ikibaki donge, ondoeni, ikisambaratika, bado ni nzima. Kisha chutameni hadi usawa wa kichwa cha kuku na mvute pumzi. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia, na kuku huivuta usiku na mchana. Amonia hiyohiyo hula bati, na kwa sisi wa pwani chumvi ya bahari huisaidia.

Kabla kuku hajaingia, futeni na mkwangue vumbi lote la saruji, kisha mwokote vipande vya bati na waya vilivyokatwa. Kuku hudonoa chochote king'aacho, na zinki iliyopakwa kwenye bati ni sumu tumboni mwake. Kingo zilizokatwa zikunjwe kwa nyundo.

Wavu wa matundu makubwa humzuia kuku asitoke, haumzuii kicheche wala panya asiingie. Tumieni wa nusu inchi, na ufukiwe sentimita 30 ardhini.

Bati lina sifa moja ambayo mbao haina: halina nyufa nyingi za utitiri kujificha. Angalieni tu fito za kulalia na viungo vya nguzo.

Idadi ya kuku

Stoo ya mita 3 kwa mita 2.4 ina mita za mraba 7.2. Kwa kuku wa mayai watano kila mita ya mraba, hao ni 36. Mimi nashauri 30, kwa sababu ya joto letu. Kiota kimoja kiwahudumie mitetea wanne au watano, na kila kuku apate sentimita 20 za fito. Anayetaka 100 ajenge banda jingine.

Chanjo ya kideri aina ya I-2, inayostahimili joto, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi 3. Banda la hewa nzuri halimkingi kuku na kideri.

Ombi langu kwenu: mwoneni afisa mifugo wa kata na mzungumze na jirani anayepakana na kona hiyo kabla ya kung'oa bati la kwanza. Oda ya vifaranga iwe jambo la mwisho kabisa, baada ya paa kunyanyuliwa na wavu kukamilika.