Rangi Isiyochuja: Chumvi, Magadi na Subira

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia)



Vikundi vingi vya batiki hupata msaada wa kununua vitambaa na rangi. Lakini mteja akifua nguo yake mara ya kwanza na beseni likajaa maji mekundu, harudi tena. Tunapenda kueleza kwa nini rangi huchuja, maana jambo hili linagusa bajeti tunazopitisha.

Batiki huchorwa kwa nta, na nta huyeyuka katika maji ya moto. Hivyo tunahitaji rangi inayoshika katika maji ya vuguvugu. Rangi za namna hiyo, ziitwazo rangi tendaji, ziligunduliwa mwaka 1954 na wanakemia Rattee na Stephen wa kampuni ya ICI ya Uingereza, zikaanza kuuzwa mwaka 1956 kwa jina la Procion. Sifa yake ni kwamba hufungamana kikemia na uzi wa pamba, zikawa sehemu ya uzi wenyewe.

Kila kiungo kina kazi yake. Chumvi huisogeza rangi kutoka kwenye maji hadi kwenye uzi. Magadi ya unga, yaani soda eshi kama ile inayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, huuamsha uzi ili uipokee rangi. Bila magadi, kitambaa hupendeza machoni lakini rangi haijafunga. Baada ya kutia magadi, kitambaa kikae kama saa moja.

Shida ni kwamba maji nayo hufungamana na rangi hiyo hiyo. Rangi iliyokwisha kufungamana na maji haiwezi tena kushika pamba. Hubaki juu juu ya kitambaa, na ndiyo inayochuja. Kwa sababu hiyo, rangi iliyochanganywa na magadi itumike siku hiyo hiyo. Kuiweka hadi kesho ili kubana matumizi ni hasara. Na hata kazi ikifanywa vizuri, rangi ya ziada haikosekani. Kitambaa kisuuzwe kwa maji baridi, kisha kichemshwe kwa sabuni. Moto huo huo huondoa nta. Mwisho, tusugue kitambaa cheupe chenye maji juu ya batiki: kikibaki cheupe, mali iende sokoni.

Tusisahau afya ya akina mama wanaofanya kazi hii. Vumbi la rangi hizi likivutwa puani linaweza kuleta pumu, na aliyekwisha kudhurika anaweza kubanwa kifua hata na vumbi kidogo sana. Unga upimwe mahali pasipo upepo, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa ya kuzuia vumbi, na mikono ikiwa na glavu. Maji machafu yana chumvi na magadi mengi. Yasimwagwe kisimani, mtoni wala bustanini.

Ndugu wajumbe, maombi mengi tunayopokea yana fungu la rangi, lakini hayana mizani, barakoa, kuni za kuchemshia wala shimo la maji machafu. Tunaomba kila kamati iviandike vitu hivyo katika ombi lijalo, na wafadhili wasivione kuwa nyongeza. Rangi peke yake haiuzi batiki.