Sindano ya Goti na Mashine ya Altrasaundi
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)



Tumeulizwa kwa nini maombi yetu ya vifaa yametaja magoti. Kila usharika una mzee ambaye hawezi tena kuchuchumaa. Baadhi yao wana uvimbe laini nyuma ya goti, ambao daktari Mwingereza William Morrant Baker aliueleza mwaka 1877. Si saratani. Ni ute wa goti uliosukumwa nyuma ukakosa njia ya kurudi.

Mahali pengi uvimbe huo huchomwa sindano kwa kupapasa tu. Kwa altrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti bila mionzi, daktari huiona ncha ya sindano kwenye skrini, akavuta ute na pengine kuacha dozi ya steroidi. Hakuna kupasua, na mgonjwa hulala kwake. Kwetu sisi faida kubwa ni usalama: hapo nyuma hupita mshipa mkubwa wa damu, na kinachodhaniwa kuwa ute huweza kuwa mshipa uliotanuka. Ole wake atakayeuchoma! Mashine yenye dopla huonyesha damu ikitembea.

Hata hivyo tusiwaahidi watu miujiza. Uvimbe hurudi kama ugonjwa wa goti lenyewe haukutibiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, wa wagonjwa 140 wenye magoti yaliyolika, ulionyesha kwamba steroidi kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2 ilipunguza gegedu zaidi kuliko sindano ya maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana.

Kwa wafadhili: mashine nyingi za msaada huja na kichwa kilichopinda, cha kuangalia mimba. Hicho huona mbali ndani, lakini mambo ya karibu na ngozi huyaona kwa ukungu. Goti linahitaji kichwa kilichonyooka, cha megahezi kati ya 7 na 15 hivi. Tunaomba hicho, pamoja na ada ya kumsomesha mtumishi mmoja atakayekitumia. Mashine ya pili bila mtu tungeifunika kitambaa tu.

Kwa kamati za sharika: mwenye goti lililovimba ghafla, lenye joto, tena ana homa, asingoje siku ya kliniki wala asichuliwe. Huenda ni usaha. Goti hilo haliwekwi steroidi. Ute wake hupelekwa maabara kwanza. Mleteni siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.