Modi za Mchezo wa Kompyuta: Jinsi ya Kuzileta na Kuzitunza

Katika somo lililopita tulisoma maneno mawili, faili na folda. Leo tutayatumia, maana tutazungumza juu ya mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Najua wako watakaosema, "Sisi watu wazima, mchezo wa watoto unatuhusu nini?" Ngojeni kidogo.

Mchezo huu ulianzia Uswidi, ukatolewa rasmi mwaka 2011. Mchezaji huchimba mawe, hukata miti, kisha hujenga nyumba, mashamba, hata miji mizima. Ulimwengu alioujenga huwekwa katika folda iitwayo saves. Mtoto aweza kuujenga mwaka mzima, naye akiupoteza hulia kama mtu aliyefiwa. Msimcheke.

Basi, modi ni nini? Modi ni nyongeza iliyotengenezwa na mtu mwingine ili kuubadili mchezo. Moja huleta wanyama wapya, nyingine huleta mashine, nyingine huufanya mchezo uende upesi. Nyingi hutolewa bure. Lakini sikilizeni vema: katika Minecraft ya aina ya Java, ile ya kompyuta, modi si picha tu. Ni programu kamili. Ukiiendesha, yaweza kufanya karibu kila jambo uwezalo kufanya wewe mwenyewe katika kompyuta hiyo: kufungua faili zako, kuzifuta, hata kuzituma nje. Ni sawa na kumwachia fundi ufunguo wa nyumba nawe umekwenda shamba.

Jambo hilo lilionekana wazi mwezi wa Juni 2023. Iko tovuti kubwa ya modi iitwayo CurseForge, yenye sifa njema. Wezi walitumia akaunti za baadhi ya watengenezaji wa modi huko, na katika tovuti nyingine iitwayo Bukkit, wakatia programu mbaya ndani ya modi. Programu hiyo ilipewa jina la fractureiser. Ilipoingia katika kompyuta iliiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa humo. Tena ilijipenyeza katika faili nyingine zenye mwisho wa .jar, na modi nyingi zina mwisho huo. Kwa hiyo kuifuta modi moja hakukutosha.

Sasa mnaona kwa nini jambo hili linawahusu wazazi. Tuseme kompyuta ya nyumbani ni moja. Mchana kijana huchezea. Usiku baba huandika humo hesabu za chama cha ushirika, na mama hufungua akaunti ya benki. Mwizi akiingia kwa mlango wa mchezo, hatauliza kitu hiki ni cha nani.

Je, tuwakataze vijana? Mimi sioni hivyo. Wako waliojifunza kutengeneza programu kwa njia hii hii. Afadhali tuwaongoze. Modi zipakuliwe, yaani ziletwe kutoka kwenye intaneti, kwa njia ya tovuti zinazojulikana, kama CurseForge au Modrinth, wala si kutoka kwa mtu asiyejulikana aliyetuma ujumbe. Ziko tovuti zinazonakili modi za watu na kuzigawa bila idhini. Hizo ziacheni kabisa. Na faili ikidai kuwa ni modi ya Minecraft hiyo, nayo ina mwisho wa .exe, usiifungue. Tena yafaa kijana awe na akaunti yake katika kompyuta, isiyo na madaraka ya msimamizi, na maneno ya siri ya benki yasihifadhiwe humo.

Kuhusu utunzaji, kwanza nakilini folda ya saves, mkaiweke mahali pengine, mathalan katika flashi. Fanyeni hivyo kabla ya kuongeza modi yoyote. Kisha tazameni namba ya toleo. Modi ya toleo 1.20.1 huenda isifanye kazi katika 1.19.2. Vilevile modi huhitaji programu ya kuipakia, na modi ya Forge kwa kawaida haiingii katika Fabric. Hapo ndipo vijana wengi hukwama, wakadhani kompyuta imeharibika. Ongezeni modi moja moja, mkaujaribu mchezo kila mara. Ukianguka, mtajua ni ipi iliyouangusha. Na modi iliyoleta mawe mapya ikiondolewa, mawe yake hutoweka katika ulimwengu uliojengwa nayo, hata kama yalikuwa ukuta wa nyumba.

Mkishuku kwamba programu mbaya imekwisha kuingia, ikateni kompyuta na intaneti. Badilisheni maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine, halafu itafuteni kwa programu ya kupambana na virusi.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni maneno haya matano: modi, faili, folda, toleo, nakala. Kwa kila neno tungeni sentensi moja, mkamsomee mwalimu wenu. Wenye kompyuta nyumbani, mwombeni kijana awaonyeshe folda ya saves ilipo. Kwaherini.