Upepo wa Tairi na Tabia ya Gari Kwenye Kona

Somo letu la leo ni juu ya upepo wa tairi, na jinsi unavyolifanya gari litulie au liyumbe linapopinda kwa kasi katika kiwanja cha mashindano.

Fahamuni kwanza kwamba gari zima hushika ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mkono. Upepo ukipungua mno, ubavu wa tairi hulegea na kujikunja, na gari huchelewa kufuata usukani. Ukizidi mno, tairi huvimba katikati ikashika ardhi kwa sehemu ndogo. Nguvu ya kushika iko baina ya hayo mawili.

Tena gari lina mbele na nyuma. Tairi za mbele zikishindwa kwanza, gari hukataa kupinda, likaelekea nje ya kona. Za nyuma zikishindwa kwanza, mkia hutupwa nje, na gari huweza kuzunguka kama pia. Hali ya kwanza dereva wa kawaida aweza kuiponya kwa kupunguza mwendo taratibu. Ya pili huhitaji dereva hodari.

Chukueni mfano wa Marekani. Gari la Chevrolet Corvair la mwaka 1960 lilikuwa na injini nyuma, na uzito mwingi ulikuwa huko. Kwa hiyo watengenezaji waliagiza tairi za mbele zitiwe pauni 15 tu kwa inchi ya mraba, na za nyuma 26, zikiwa baridi. Za mbele zililegezwa kwa makusudi, ili zishindwe kwanza. Lakini mtu akizijaza zote sawasawa, kama ilivyo desturi kwa magari mengi, kinga hiyo huondoka bila yeye kujua. Ralph Nader alililaumu sana gari hilo katika kitabu chake cha mwaka 1965. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1972 ulisema halikuwa baya kuliko magari mengine ya wakati wake. Hata hivyo, funzo linabaki: pauni chache zaweza kugeuza tabia ya gari.

Basi dereva afanyeje kiwanjani? Apime tairi zote nne zikiwa baridi, aandike. Aendeshe mizunguko michache, arudi, apime tena papo hapo kabla hazijapoa. Joto la tairi likipanda nyuzi 10 za Farenhaiti, upepo huongezeka kadiri ya pauni 1. Mkia ukianza kutoka, na geji ikaonyesha kwamba za nyuma zimezidi, apunguze nyuma pauni 1 tu, asiguse mbele, kisha ajaribu tena. Akibadilisha mbele na nyuma kwa pamoja, hatajua dawa ilikuwa ipi. Na kabla ya kurudi barabarani, tairi zikisha kupoa, arudishe upepo kwa kipimo cha mtengenezaji.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Kwa nini si vema kujaza tairi za kila gari sawasawa?
2. Gari likikataa kupinda, utaanza kupima tairi zipi, na kwa nini?