Motokaa Kuukuu na Mshahara wa Mfanya Kazi
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Changamwe)



Kamati ya tawi imetutaka tuseme machache juu ya motokaa kuukuu, kwa kuwa wenzetu wengi wanazinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na baadhi yao wamekwisha kuona taabu. Sisi tunaosema ni watu wa karakana ya reli. Hatuuzi magari wala hatuna gereji, basi msitutilie shaka.

Mwajua jinsi magari haya yanavyotufikia. Serikali haikubali motokaa iliyotumika kuingizwa Kenya ikiwa imepita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza huko itokako, na nyingi zatoka Japani. Zikishuka Kilindini, bei yake si ya mtu wa mshahara kama wetu. Huzipanda mwingine kwanza, kisha mwingine tena. Ikifika kwetu Magongo au Mtongwe ina miaka 15 au 20, imepita mikono tusiyoijua. Rangi imepigwa upya, viti vimevishwa, redio yalia vizuri. Injini ndiyo iliyonyamaza, mpaka umekwisha kulipa.

Adui mkubwa wa injini hapa kwetu ni joto, na joto huanza na maji. Mtu akiona maji ya rejeta yamepungua, hukimbilia kisima. Nasi twayajua maji ya visima vyetu vya Kisauni na Likoni: mengi yana chumvi, hata chai yake hutambulikana. Chumvi hula chuma na aluminiamu, na chokaa huganda katika vijia vya rejeta. Wazee wetu wa zama za mvuke hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Yale magarimoshi ya Garratt ya aina ya 59, yaliyoanza kazi mwaka 1955 katika njia ya Mombasa na Nairobi, yalikuwa na bwela kubwa kupita nyumba za baadhi yetu. Na bwela likishika ukoko kwa maji mabaya, hula moto mwingi na kuharibika upesi. Rejeta ni ndogo, lakini tabia ya maji ni ile ile. Nunueni maji ya rejeta yenye dawa ya kutu. Mtungi mmoja ni rahisi kuliko fundi.

Tena, sikilizeni gari lenyewe linavyosema. Ikiwa mshale wa joto wapanda mkiwa mmesimama katika foleni ya feri Likoni, na washuka mkianza kwenda, tazameni feni kwanza. Pengine mota yake imekufa au fyuzi imeungua. Hiyo ni gharama ndogo. Lakini ukipanda wakati gari lapanda kutoka Kibarani kuja Changamwe, na upepo wapiga mbele, jambo ni zito zaidi: rejeta imeziba, au pampu ya maji imechoka, au gasketi ya hedi imeanza kupitisha.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa. Kazi yake si kuziba tu, bali kuyabana maji, kwa maana maji yaliyobanwa huchemka kwa joto kubwa zaidi kuliko maji yaliyo wazi. Springi yake ikilegea, maji huchemka mapema. Na kamwe kisifunguliwe injini ikiwa moto.

Mwenzetu mmoja alinunua gari ambalo fundi wa kwanza alikuwa amelitoa themostati akasema haina haja nchi ya joto. Huo ni uongo unaopendwa sana. Themostati hufungua njia ya maji injini ikisha pata joto lake, nyuzi 80 hivi. Bila hiyo injini hukawia kupata joto lake, hula petroli zaidi, na kasoro ya rejeta hufichika. Siku moja gari lilichemka, naye akamwaga maji baridi juu ya injini iliyowaka. Hedi ya aluminiamu ikapinda. Gereji aliyoiendea ikatia gasketi mpya bila kuipeleka hedi kwenye mashini isawazishwe, na wiki tatu baadaye gasketi ikafa tena. Akalipa mara mbili kazi moja. Gasketi yenyewe si ghali. Ghali ni kufungua, kusawazisha, boliti, oili mpya, na siku ambazo gari liko juu ya mawe.

Mkataba wake wa kazi ulikwisha gari likiwa bado juu ya mawe hayo. Mkopo haukungoja. Wadhamini wake walikuwa wanne, wote wa zamu yetu, nao wakakatwa akiba zao. Ndiyo sababu twaona jambo hili si la mtu mmoja na mkewe.

Juu ya oili, kwa ufupi. Chomoeni kijiti kila wiki. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Zimeni injini hapo hapo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, ringi au sili za valvu zimekwisha. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mwuzaji mjanja hutia oili nzito ili moshi wa buluu usionekane, basi mwendeeni alfajiri, injini ikiwa baridi, akaiwashe mbele yenu. Mkikuta ameipasha moto kabla hamjafika, ulizeni kwa nini.

Wengine huona ni heri kutia injini nyingine iliyotumika kuliko kufungua ile ya zamani. Pengine ni kweli. Lakini nambari ya injini imeandikwa katika logibuku, na badiliko hilo lazima NTSA ijulishwe. Msipofanya hivyo, kuliuza gari kutawashinda.

Sasa mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote yasizidi theluthi mbili. Tuseme mtu apata shilingi 36,000: apasa kubakiwa na 12,000 angalau. Akikopa gari mpaka ukomo huo, hizo 12,000 ndizo kodi, unga, karo na petroli. Gasketi italipwa na nini? Na mkopo wa simu, ambao riba yake mwaijua. Twaishauri kamati hivi: mwanachama akiomba mkopo wa motokaa kuukuu, sehemu yake iwekwe kando kwa matengenezo, na asilipe mwuzaji kabla fundi wa karakana hajaliona gari.

Tumekubaliana watatu kati yetu kuyatazama magari ya wanachama Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya zamu ya asubuhi, bila malipo. Njooni na logibuku. Wa Likoni na wafike mapema, ili injini ipate kupoa kabla hatujaifungua.