Mbwa Akila Mafuta ya Sherehe
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Isikizya, Wilaya ya Uyui)

Naona kule nyuma mmeshaanza kucheka: "Dada wa afya kaja kutuongelea mbwa!" Ndiyo, leo ni mbwa. Malaria na Ukimwi tutavirudia.

Nani kwao wana mbwa? Mikono juu. Wengi! Chakula chake tunakijua: ukoko wa ugali, na mchuzi wa dagaa akibahatika. Halafu inakuja Idi, Krismasi au harusi. Ng'ombe kachinjwa, usiku mbwa analamba sufuria la mafuta yaliyoganda na kumeza mapande ya mafuta ya nyama. Sisi tunafurahi, naye kapata sikukuu yake.

Kwetu tulikuwa na mbwa, Simba. Siku ya pili baada ya harusi ya dada yangu akaanza kutapika. Akawa anainamisha kifua chini, kiuno juu, kama anasujudu. Kaka akasema kalishwa sumu. Akampanua mdomo, akamnywesha mafuta ya kula ili atapike. Mafuta juu ya mafuta! Miguu nilimshika mimi. Usiku ule Simba akafa.

Karibu na tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Hata wewe unacho. Kinatoa maji ya kuyeyushia chakula, mafuta yakiwemo. Mafuta mengi ya ghafla yanaweza kukivimbisha, na yale maji yakaanza kuyeyusha kongosho lenyewe. Si kila mbwa yatamkuta; wengine wanaharisha tu wakapona. Ila dalili zinaweza kuchelewa siku moja mpaka tatu, kwa hiyo usimsahau.

Ufanyeje? Ondoa masalia yote. Mpe maji safi, kidogo kidogo. Usimtapishe, si kwa chumvi wala kwa mafuta. Dawa za maumivu za watu, kama diklofenaki, usimpe kabisa. Akiwa mchangamfu na ana njaa, mpe wali mweupe kidogo na samaki wa kuchemsha asiye na miiba wala mafuta. Akitapika mara kwa mara, tumbo likamuuma, akalegea au akakataa maji, mtafute afisa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda akahitaji dripu. Mtoto wa mbwa ndiyo usingoje kabisa.

Na pilau je? Lina vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Siku chache baadaye unaona ufizi umepauka, mkojo mweusi. Mifupa iliyopikwa nayo inapasuka vipande vikali vinavyochoma utumbo.

Sasa sikilizeni hapa. Mbwa mwenye maumivu anang'ata hata bwana wake. Tena anayedondosha mate, asiyeweza kumeza, pengine hajala mafuta: huenda ni kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mkono wako usiingie mdomoni mwake. Ukiguswa na meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo, hata jeraha likiwa dogo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

Kaka usiku ule alikwaruzwa kidole na jino la Simba. Alifunga kitambaa, akaenda kulala. Mpaka leo ni mzima, lakini sisi tuliomwangalia akifunga hakuna aliyejua Simba alikuwa na nini.