VPN Ikikataa Kwenye Kompyuta

[Wimbo wa programu, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Ninyi nyote hapa Omugo, na ninyi majirani zetu wenyeji wa Terego, sikilizeni. Mlioko kwenye bomba la maji, sogeeni kidogo karibu na spika. Leo tunaongea juu ya kompyuta.

Mama mmoja alikuja kwenye kituo cha kompyuta. Dada yake alikuwa Khartoum vita ilipoanza Aprili 2023, na tangu hapo hakusikia sauti yake. Kijana wa jirani akamwambia, "Mama, kuna ujumbe wako Facebook." Ninyi mnajua: Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na watu wengi wakaanza kuingia kwa VPN. Hiyo ni programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri mpaka kwenye seva, mara nyingi ya nchi nyingine, na kutoka huko ndipo unafika unakokwenda.

Tukaiwasha. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Mama akashika kanga yake. "Basi mwanangu, nitarudi kesho."

Mama, ngoja kwanza.

Nikazima VPN kabisa, nikajaribu ukurasa wa kawaida ambao haukufungwa. Fanyeni hivyo kila mara. Ukurasa usipofunguka hata bila VPN, mnailaumu bure. Angalieni bando, angalieni modemu. Huo wetu ulileta onyo kwamba cheti cha usalama hakifai. Nikatazama saa kwenye kona ya chini. Kompyuta ilisema ni Januari 2015!

Hii ni shida ya hapa kwetu hasa. Sola ikizimwa usiku, saa ya kompyuta ya mezani inalindwa na betri ndogo iliyo ndani, ya duara kama sarafu. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma. Na seva ya VPN huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama kadi yako siku ya mgao. Kompyuta inayodhani ni 2015 inasema cheti hiki bado hakijaanza, na inakikataa.

Nikaweka tarehe sawa, na saa za Nairobi, ambazo ndizo za Kampala pia. VPN ikashika. Betri yenyewe imeandikwa CR2032. Ukienda Arua mjini, ulizia kwa mafundi wa simu na saa.

Ujumbe ulikuwa umekaa miezi mitatu. Dada yuko Renk, na watoto wawili. Mama alisoma mara mbili, akaniomba nimsomee mara ya tatu kwa sauti.

Lakini si kila mara ni saa. Jaribu seva ya nchi nyingine kwenye orodha. Ikigoma, ingia kwenye mipangilio, ubadilishe njia kutoka UDP kwenda TCP, mlango 443. Huo ndio mlango wa kurasa salama za kawaida, kwa hiyo mitandao mingi huuacha wazi. Usiwashe VPN mbili kwa pamoja, zitagombana. Antivirusi au faiawoli nayo huweza kuizuia. Iruhusu VPN humo ndani, usiizime yote. Na ikiwa VPN imeanguka na intaneti nzima imepotea, usikimbilie kununua bando lingine: programu nyingine zina kitufe kinachokata mtandao wote mpaka VPN irudi. Kizime, ujaribu tena.

Vijana, mimi siipendi ile tabia ya kugawiana VPN kwenye flashi. Mwenye VPN anaweza kuona unakwenda wapi, na nyingine za bure huishi kwa kuuza habari hizo. Chukua programu kwa mtengenezaji mwenyewe.

Kuna siku hata fundi hawezi. Tarehe 13 Januari 2021 jioni intaneti yote ilikatwa nchini, ikarudi tarehe 18. VPN inahitaji intaneti ya kupandia, na ilikuwa haipo. Kwa hiyo namba za simu za ndugu zenu ziandikeni kwenye daftari.

Na mama yule, kabla hajatoka, nilimrudisha kitini. Alikuwa ameacha Facebook yake wazi, na foleni ya watu nyuma yake.

[Wimbo unapanda]